Chapisho Naliona, kwa Faili Halimo: Kutatua Matatizo ya Zana ya Kuvuta Machapisho na Majibu

Mei 2024 mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea laptopu yake katika chumba ninachofanyia kazi, nje kidogo ya Barabara ya Ngong. Alikuwa akichunguza jinsi akaunti moja ya taarifa za barabara ilivyowahabarisha wakazi wa Nairobi wakati wa mafuriko ya Aprili mwaka huo. Machapisho ya akaunti hiyo aliyavuta kwa skripti, yaani programu fupi inayoyashusha na kuyaandika kwenye faili. Hata kiti hakuvuta. "Kaka, hii skripti inanila data. Chapisho naliona hapa kwa simu. Kwa faili halimo."

Nikamwomba anionyeshe chapisho lenyewe. Moja tu, si kumi. Hilo moja ndilo naliita shahidi, na karibu kila tatizo la zana hizi nalianza hapo. Mtu akikuambia "data imepungua" huna pa kushika. Akikuambia "chapisho hili, la akaunti hii, la saa hii, halimo", unalifuata hatua kwa hatua kama fundi wa mabomba anavyofuata maji kutoka kwenye mita hadi kwenye mfereji, mpaka afike yanapokatikia. Nakili kiungo cha shahidi wako kwenye karatasi kabla hujagusa msimbo. Ile nambari ndefu mwishoni mwa kiungo ndiyo kitambulisho chake, na tutaihitaji.

Mifano mingi hapa ni ya X, iliyokuwa Twitter hadi Julai 2023, kwa sababu ndiko Wakenya wengi wanakobishania. Mastodon na Bluesky, mitandao mingine ya namna hiyo, nitazigusa pale zinapotofautiana nayo.

Skripti imemaliza salama, faili ni tupu

Tazama jina kwanza. API ya X, yaani mlango ambao programu hupitia kuomba data, haitoi machapisho kwa jina la akaunti. Inataka nambari ya mwenye akaunti. Jina hubadilika, nambari haibadiliki. Mtu hulala akiitwa hivi akaamka akiitwa vile, na lile jina aliloacha likachukuliwa na mwingine kabisa. Hapo faili halitakuwa tupu, litakuwa na maneno ya mtu usiyemjua, na hilo ni baya zaidi. Uliza nambari mara moja kupitia `/2/users/by/username/`, ihifadhi, kisha usiulize tena kwa jina. Bluesky nayo ina kitambulisho cha kudumu kinachoanza na `did:`, na jina la kawaida ni kama kibandiko tu juu yake.

Mtego wenyewe uko kwenye jibu. Ukiuliza akaunti isiyokuwepo, seva inaweza kukurudishia msimbo wa hali 200, maana yake "sawa", huku ndani hakuna `data` bali orodha ya `errors`. Skripti inayoangalia msimbo peke yake itapiga makofi na kuandika faili tupu. Kabla ya kushuku lolote, chapisha jibu zima kwenye skrini ulisome kwa macho. Mara nyingi sababu imeandikwa pale wazi: akaunti haipo, imesimamishwa, au mwenyewe ameifunga na wewe si miongoni mwa aliowaruhusu.

Ukipata msimbo 401, ufunguo wako, yaani maandishi ya siri yanayokufungulia API, ndio mbovu. Na kabla hujaomba mwingine, angalia mwisho wake. Funguo nyingi nilizoletewa zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp zikaja na nafasi moja mwishoni, isiyoonekana. 403 ni habari nyingine: ufunguo ni mzima, ila ngazi ya akaunti yako haifungui mlango huo. Februari 2023 kampuni ilitangaza kwamba API ya bure imefika mwisho, na skripti nyingi za zamani unazozikuta mtandaoni ziliandikwa kabla ya hapo. Zile zinazokwangua kurasa bila ufunguo nazo zilipigwa mwishoni mwa Juni 2023, kusoma bila kuingia kwenye akaunti kulipozuiwa. Usipoteze wikendi ukizifufua.

Imeleta kidogo, halafu ikanyamaza

Ukipata machapisho 10 kamili, hakuna kilichoharibika: hicho ndicho kiasi cha kawaida usipotaja kingine. `max_results` inakubali kuanzia 5 hadi 100. Mastodon hutoa 20, na ukiomba zaidi haivuki 40. Bluesky hutoa 50, mwisho 100.

Ukipata 100 kamili, skripti yako imesoma ukurasa wa kwanza ikadhani kitabu kimeisha. Ndani ya `meta` kuna `next_token`. Irudishe kama `pagination_token` kwenye ombi linalofuata, na uendelee hivyo. Bluesky huita alama hiyo `cursor`. Mastodon huiweka kwenye kichwa cha jibu kiitwacho `Link`, nje ya data yenyewe, ndiyo maana wengi hawaioni.

Ukipata 163 au 287, nambari zisizo na kichwa wala miguu, hapo pana ugonjwa ambao umenilia usiku mzima zaidi ya mmoja. Skripti inasema: ukurasa ukija na chini ya 100, basi tumefika mwisho. Inaonekana busara, lakini ni kosa. Ukiomba majibu au machapisho ya kusambazwa yaondolewe, uchujaji unaweza kufanyika baada ya ukurasa kukatwa, hivyo ukurasa wa katikati ukaja na 63, au 4, au hata mtupu, huku nyuma yake kuna kurasa ishirini. Kanuni ni moja: simama pale tu `next_token` inapokosekana. Usihesabu vichwa.

Kisha kuna ukuta. Mlango huu wa X hutoa machapisho 3,200 ya karibuni zaidi ya akaunti, na yaliyosambazwa kutoka kwa wengine yanahesabiwa humo. Ukiweka `exclude=replies`, ukuta unasogea karibu: 800 tu. Watu huondoa majibu wakidhani wanaokoa nafasi ili wafike mbali zaidi nyuma, na kumbe wamejipunguzia. Vuta vyote, chuja mwenyewe nyumbani. Akaunti ya barabara inayoandika mara hamsini kwa siku inamaliza 3,200 katika siku 64. Mwanafunzi wangu alikuja Mei akitafuta Aprili. Angekuja Agosti, shahidi wake angekuwa nyuma ya ukuta na mimi ningemhurumia tu.

Mastodon haina ukuta huo, ina wake. Ukiiuliza seva yako kuhusu akaunti inayoishi kwenye seva nyingine, itakupa yale tu iliyowahi kuyapokea. Kama hakuna mtu wa seva yako aliyekuwa akiifuata akaunti hiyo mwaka jana, machapisho ya mwaka jana hayatakuwepo, na hakuna kosa litakaloonyeshwa. Dawa yake ni kuiuliza seva ambako akaunti hiyo ilifunguliwa.

"Majibu hayamo"

Hapa lugha yetu yenyewe hututega. Ukisema "majibu ya gavana", ni yale aliyowajibu watu, au yale watu waliyomjibu? Kwenye kikao sauti na hali vitaeleza. Kwa API hayo ni maswali mawili yenye milango miwili, na sijui ni mara ngapi nimemaliza kutengeneza mlango mmoja nikaambiwa, "Hapana, nilitaka ule mwingine."

Majibu ambayo mwenye akaunti ameandika huja pamoja na machapisho yake mengine, mradi hukuyazuia. Ila ukiacha mambo yalivyo, X hukupa kitambulisho na maandishi bila mengi zaidi, kwa hiyo majibu yamo lakini hujui yapi ni yapi. Omba `tweet.fields=created_at,conversation_id,in_reply_to_user_id,referenced_tweets`. Sasa kila jibu linabeba nambari ya aliyejibiwa. Nambari hiyo ikiwa ni ya mwandishi mwenyewe, hilo ni jibu la kujijibu, yaani sehemu ya pili, ya tatu au ya kumi ya uzi wake, machapisho yanayofuatana kama habari moja. Usiyatupe hayo. Nimewahi kusoma uchambuzi mzima wa hotuba za mtandaoni ambamo kila uzi ulibaki kichwa bila kiwiliwili, kwa kuwa mchambuzi aliondoa "majibu" yote. Bluesky imelifikiria jambo hili: kichujio `posts_no_replies` hukata hata nyuzi, lakini `posts_and_author_threads` huziacha nzima. Mastodon ikiambiwa `exclude_replies` huondoa majibu aliyopewa mtu mwingine tu.

Majibu ambayo watu wamemwandikia hayamo kabisa kwenye mlango wa akaunti yake, hata ukivuta hadi kesho. Kila jibu ni mali ya aliyeliandika. Kwenye X unayatafuta kwa `conversation_id:` ikifuatwa na kitambulisho cha chapisho la kwanza la mazungumzo, au kwa `to:` na jina la akaunti. Angalia, nimesema la kwanza. Ukiweka kitambulisho cha jibu la katikati hupati kitu, kwani mazungumzo yote hubeba nambari ya kichwa chake.

Na utafutaji wa kawaida unarudi nyuma siku 7 tu. Kumbukumbu nzima ilikuwa kwenye ngazi ya Pro, dola 5,000 kwa mwezi wakati ule. Mwanafunzi alicheka, nami nikacheka, tukaendelea. Kama mradi wako unahitaji majibu ya umma, panga skripti iyavute kila siku wakati jambo lenyewe lingali moto. Mafuriko yakishakauka umechelewa.

Sentensi zimekatwa katikati

Chapisho refu kupita herufi 280 huja limefupishwa kwenye `text`. Lote liko kwenye `note_tweet`, ambayo lazima uiombe. Lililosambazwa, lile linaloanza na RT, nalo hukatwa. Omba `expansions=referenced_tweets.id` na usome la asili ndani ya `includes`. Mastodon haikati, ila inakuletea maandishi yamevikwa alama za HTML, zile za kuandikia kurasa za wavuti. Zivue kwa maktaba ya programu inayojua kazi hiyo, si kwa kutafuta na kufuta kwa mkono.

Inagoma na 429

Umeuliza mara nyingi mno. Kwenye kichwa cha jibu kuna `x-rate-limit-reset`, sekunde zilizohesabiwa tangu 1970. Ngoja hadi hapo, kisha endelea. Madirisha mengi ni ya dakika 15. Kugonga tena na tena kila sekunde hakukupi kitu. Mastodon kwa kawaida huruhusu maombi 300 kila dakika 5, jambo ambalo mimi naliona ni ukarimu.

Kama umengoja dakika 15, ukangoja saa nzima, na bado ni 429, huenda umemaliza mgao wa mwezi. Mgao huo huhesabu machapisho uliyoyasoma, na yale ya majaribio yamo. Unapojaribu skripti weka `max_results=5`. Nimeona mgao wa mwezi ukiteketea Jumatatu moja asubuhi kwa ajili ya kutafuta koma iliyokosekana.

Andika kila ukurasa kwenye diski punde unapofika, pamoja na tokeni ya ukurasa unaofuata. Wanaoandika skripti hizi mara nyingi hukusanya kila kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakahifadhi mwishoni. Huku kwetu stima hupotea, bando hukata, na ukurasa wa 31 kati ya 32 unaondoka na ile thelathini iliyotangulia.

Tarehe haziendani na nilichokiona

Turudi kwa shahidi. Simu ya mwanafunzi ilionyesha chapisho la Aprili 24, saa 1:30 za usiku kwa saa ya simu, likionya kuhusu barabara iliyojaa maji. Alichuja faili lake kwa Aprili 24. Halikuwemo. Nikatafuta kwa kitambulisho badala ya tarehe, na likajitokeza mara moja:

`2024-04-23T22:30:00.000Z`

Hiyo Z ya mwisho ndiyo yenye maneno. API huandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi Nairobi tuko mbele kwa saa tatu, mwaka mzima, kwa kuwa Kenya haisogezi saa kwa misimu. Kila kilichoandikwa hapa kati ya usiku wa manane na saa tatu baadaye kitaonekana kwenye faili kuwa cha siku iliyopita. Kwa utafiti wa mafuriko ya usiku, hayo ndiyo masaa yenyewe.

Mbaya zaidi, alikuwa amewahoji wakazi, na mmoja alimwambia maji yaliingia "saa saba na nusu usiku". Kwenye daftari lake aliandika 7:30. Kwa hiyo tukio lile lile alikuwa nalo mara tatu: 22:30 kwenye faili, 1:30 kwenye simu, 7:30 kwenye daftari, kwa siku mbili tofauti. Mzungumzaji hakukosea, wala seva haikukosea.

Tengeneza safu ya pili yenye saa za Nairobi kwa kutumia ukanda uitwao `Africa/Nairobi`, na uache ile ya asili bila kuigusa. Ukitaka siku nzima ya Aprili 24 kwa hesabu yetu, `start_time` ni `2024-04-23T21:00:00Z` na `end_time` ni `2024-04-24T21:00:00Z`. Kwenye Bluesky ongeza tahadhari moja: `createdAt` huwekwa na programu ya mwandishi mwenyewe, na inaweza kudanganya, kwa hiyo ilinganishe na `indexedAt`.

Vitambulisho vimeisha kwa sifuri, na ng’ombe ameota pembe za ajabu

Kosa hili si la zana ya kuvuta hata kidogo, ila lawama hubeba yenyewe. Ukifungua CSV, faili la jedwali lenye maandishi matupu, kwa kubofya mara mbili, Excel huona kitambulisho chenye tarakimu 19 ikadhani ni kiasi cha pesa. Inakionyesha kama `1.78E+18`, na kwa kuwa huhifadhi tarakimu 15 tu, nne za mwisho hugeuka sifuri. Ukihifadhi faili hilo, zimekwenda. Ukijaribu kurudi kwenye chapisho kwa nambari hiyo, halipo, nawe unaanza kusema limefutwa. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ina maradhi ya namna hiyo: nambari kamili inayoaminika humo haipiti 9007199254740991, tarakimu 16. Ndiyo maana API hutuma kitambulisho kikiwa maandishi. Kiache kiwe maandishi. Kwenye Excel ingiza data kupitia menyu ya Data, uiambie safu hiyo ni ya maandishi kabla haijafunguka.

Ukiona `ngâ€™ombe`, data ni nzima. Ni Excel imesoma UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, kana kwamba ni kitu kingine. Kiapostrofi kilichopinda, kile simu hupenda kukiweka, ndicho huvunjika, na Kiswahili kinakihitaji kila mahali: ng’ombe, ng’ambo, ng’oa. Pitia njia ile ile ya kuingiza, chagua UTF-8. Halafu kabla ya kuhesabu maneno geuza viapostrofi vyote viwe vya aina moja, la sivyo utakuwa na ng’ombe wawili wasiojuana.

Nikichuja Kiswahili, sipati kitu

Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha ambazo kichujio cha X huzitambua. Machapisho yetu nimeyakuta yamepewa alama ya Kiindonesia, ya Kitagalog, au `und`, yaani lugha isiyojulikana. Sheng hapo usiitaje. Usichuje kwa lugha wakati wa kuvuta. Vuta yote, ubague baadaye kwa orodha yako ya maneno kama *na*, *ya*, *kwa*, *hii*, *lakini*. Mbinu duni, inafanya kazi.

Shahidi bado hayupo

Kama umepita kote huko na kitambulisho bado hakionekani, fungua kiungo chake upya kwenye kivinjari. Huenda limefutwa tangu ulipolipiga picha, au mwenyewe amefunga akaunti. API haitoi kilichofutwa, na idadi iliyo kwenye wasifu wa mtu haitalingana na mistari ya faili lako, kwa hiyo usiitumie kama kipimo. Likiwa lilikuwemo kwenye faili lako la zamani na sasa limefutwa, masharti ya X kwa watengenezaji yanakutaka uliondoe. Na kwa kuwa haya ni maneno ya watu wenye majina, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama kila kitu kilikuwa hadharani. Panga mapema unaweka nini na kwa muda gani.

Shahidi wa mwanafunzi wangu alikuwa kwenye mstari wake tangu mwanzo, chini ya tarehe 23. Alipotengeneza safu ya saa za Nairobi, alipata mengine ya usiku ule aliyokuwa ameyahesabu kwenye siku isiyo yake. Majibu ya umma hatukuyapata. Siku 7 zilikuwa zimepita. Aliyataja kwenye sura yake ya mbinu kuwa hayakukusanywa, akaandika na sababu, akafunga laptopu, kisha akaniuliza kama naweza kumwekea skripti ya kuvuta kila jioni kabla mvua za vuli hazijaanza.